Kwa nini mfumo ukigoma, makato hayagomi?

#1 Mtegeta (mleta uzi)
Wakuu salama. Naandikia gizani, simu ina asilimia 31, mkikuta herufi zimepandiana mnivumilie.

Leo saa moja na nusu jioni mita ilibaki na uniti 0.9. Hela iko benki, kwenye simu nina mia nane tu. Nikafungua app ya benki (siitaji, wasimamizi wasije wakanifungia) nikahamisha 30,000 kwenda kwenye simu. Meseji ya benki ikaingia kabla sijashusha kidole: umetoa 30,000, makato haya, kodi hii, salio hili. Upande wa simu kimya. Dakika kumi, kimya. App inasema "Samahani, huduma haipatikani kwa sasa, jaribu tena baadaye". Mimi ni mtu wa kusikia ninachoambiwa, nikajaribu tena. 30,000 nyingine ikaondoka na makato yake. Simu bado mia nane.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dakika 14 nasikiliza muziki, katikati kuna sauti inaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao. Dada alipopokea: "Kuna changamoto ya mtandao, subiri ndani ya saa 24 hadi 72." Nikamuuliza, dada yangu, huo mtandao wenye changamoto ndio huohuo ulionikata? Akaniuliza kama nina jambo lingine anisaidie.

Sasa swali langu. Tangu nianze kutumia hivi vitu sijawahi kusikia makato yamegoma. Kufikisha hela kunagoma, kuangalia salio kunagoma, risiti zinagoma. Kukata, hata siku moja. Kwa nini? Wenye fani zao waje, ila waongee lugha ya watu. Mke wangu kawasha mshumaa na ananitazama kama mimi ndiye niliyezima umeme wa Tegeta nzima.

#2 Chura Kiziwi
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

#3 BintiTemeke
Pole kaka. "Jaribu tena baadaye" ndiyo sentensi iliyonifilisi mwaka huu. Siku hizi ikitokea naweka simu uvunguni nalala.

#4 wakala_manzese
Mleta uzi umeingia barabarani siku mbaya. Angalia tarehe. Mishahara ikishatoka, kuanzia hapo mpaka tarehe mbili tatu, sisi mawakala tunajua kabisa tunaenda kutukanwa.

Nina kibanda Manzese Tip Top, mwaka wa sita huu. Katikati ya mwezi mteja anatoa hela, meseji yake na yangu zinaingia pamoja kama mapacha. Mwisho wa mwezi yake inaingia sasa, yangu baada ya robo saa, au isiingie kabisa. Na mimi siwezi kutoa noti bila meseji ya kwangu, maana nikikosea hasara ni yangu, hakuna kampuni itakayonifidia. Kuna mama mmoja alitoa laki mbili ya ada ya mtoto, kwake imeonyesha imetoka, kwangu hamna. Akakaa pale kwenye benchi langu toka saa nne mpaka saa nane mchana. Kwanza aliniita baba, baadaye akaniita kijana, mwisho akaniita mwizi, watu wa bodaboda wakaanza kusogea. Meseji ilipoingia nilimhesabia hela huku mikono inatetemeka. Akaondoka bila hata kuaga.

Kwa hiyo mimi nasema ni wingi wa watu. Daladala ya watu thelathini imepakia tisini, unategemea nini.

#5 Mlalahai
Wakala unawatetea. Hii ni makusudi. Chukua watu laki moja, kila mmoja 30,000 yake imekwama siku tatu. Hiyo ni bilioni tatu imelala kwao bure, inazaa. Siku ya tatu wanakurudishia na "samahani kwa usumbufu". Ningekuwa mimi hata saa 72 ningeziona chache.

#6 Chura Kiziwi
Karanga zimeanza kunoga.

#7 FundiMitambo
Nimefanya kazi upande wa nyuma wa mifumo ya malipo miaka kadhaa, sasa hivi sipo huko, kwa hiyo simtetei mtu.

Mleta uzi, jibu la swali lako ni fupi. Kukata ni kazi ya nyumbani, kufikisha ni kazi ya safari. Benki inapokukata inaandika kwenye daftari lake yenyewe, ndani ya jengo lake, haimuombi mtu ruhusa. Kufikisha, ombi linatoka benki, linapita kwa mtu wa kati, linaingia kampuni ya simu, linaandikwa kwenye daftari la kule, halafu jibu linarudi njia ileile. Popote pale katikati pakikwama, wewe ushakatwa.

Na lazima wakate kwanza. Wakifikisha kwanza ndipo wakate, wajanja wa mji huu watatuma 30,000 ileile mara kumi kabla daftari halijaamka.

Sasa sehemu ambayo watu hawaijui. Mara nyingi kinachopotea ni JIBU, ombi lenyewe limefika. Ni kama umemtuma mtoto dukani na elfu kumi, nusu saa hajarudi. Kanyang'anywa? Duka limefungwa? Kashanunua sukari yuko njiani anacheza gololi? Hujui. App nayo haijui. Ikisubiri sekunde zake zikaisha inaandika "huduma haipatikani", wakati ukweli ni "sijui kilichotokea". Mtu akiambiwa haipatikani anatuma mtoto wa pili na elfu kumi nyingine. Mleta uzi ndiyo kilichokukuta. Mfumo uliotengenezwa vizuri huwa unaupa kila muamala namba yake, ili ombi likirudiwa lisihesabiwe mara mbili. Lakini wewe ulipoanza upya kwenye app ulipewa namba mpya, kwa hiyo kwao ni miamala miwili halali.

Hizo saa 24 hadi 72 ni za kulinganisha madaftari. Benki inatoa orodha yake, kampuni ya simu ya kwake, zisizofanana zinakaguliwa. Nyingine mashine inazimaliza usiku, nyingine zinasubiri mtu aje ofisini Jumatatu.

#8 Chura Kiziwi
Kwa hiyo 60,000 ya mleta uzi ziko mahali zinacheza gololi.

#9 Mtegeta
Fundi ahsante sana, umeeleweka hadi na mke wangu. Ila kauliza, kama hawajui kilichotokea kwa nini wasiandike hawajui? Nimeshindwa kumjibu. Asilimia 24.

#10 Mkaanga Sumu
Nyote mnazunguka. Shida ni mkongo wa baharini. Mmeshasahau Mei 2024? Houthi walikata mkongo wa EASSy kule Bahari ya Shamu, nchi nzima tukawa tunatazamana. Tukitegemea waya mmoja wa intaneti chini ya bahari tutalia kila siku.

#11 Nyangumi wa Kigamboni
Mkuu umechanganya madesa. Bahari ya Shamu ilikuwa Februari 2024, ikakatika mikongo ya Seacom, EIG na AAE-1, na inaaminika ni nanga ya meli ya Rubymar iliyokuwa inaelea baada ya kupigwa kombora. Ya Mei ni nyingine kabisa. Jumapili tarehe 12 Mei, EASSy na Seacom zote mbili, huku kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Meli ya kutengeneza ilitoka Cape Town, Léon Thévenin, imeundwa 1983, ni mzee kuliko nusu ya wachangiaji humu.

Na sio waya mmoja. Seacom iko Dar toka 2009, EASSy toka 2010, kuna SEAS inayokwenda Shelisheli. Tatizo la siku ile ni kwamba kubwa mbili ziliondoka pamoja.

#12 Mkaanga Sumu
Sawa nimekosea bahari, ila bado ni mkongo. Nasikia papa nao wanatafuna.

#13 Nyangumi wa Kigamboni
Papa wanasingiziwa tu. Duniani mikongo inakatika kati ya mara 150 na 200 kwa mwaka na sehemu kubwa ni nanga na nyavu za uvuvi. Kwenye kina kirefu huo waya unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani. Meli ikiburuza nanga, kwisha habari.

#14 BintiTemeke
Ngoja, mi kuna kitu hapa. Jumapili ile ya Mei app zote ziligoma, lakini menyu ya nyota na reli ilikuwa inafanya kazi. Nilituma hela Songea kwa mama yangu na ikafika. Kama ni mkongo mbona ile haikugoma?

#15 FundiMitambo
Binti umegusa penyewe. Ile menyu haipiti kwenye intaneti kabisa, inapita kwenye njia za ndani za kampuni ya simu, zilezile zinazoitisha simu yako. Mnara wa Temeke mpaka mitambo yao hapahapa mjini, haina haja ya kugusa bahari.

Hapo ndipo swali gumu linapoanza. Mimi niko Sinza, benki yangu iko Posta, kwa nini app yetu ife kwa waya uliokatika Msumbiji? Dar ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti ya ndani ya nchi, TIX, toka 2004, kituo cha data cha taifa kiko Kijitonyama. Jibu ni kwamba app nyingi mguu mmoja uko hapa, mguu mwingine Ulaya au Marekani. Seva za kukodi, ramani, ile huduma ya kukuletea taarifa kwenye skrini, zote nje. Mguu mmoja ukikatwa, mtu mzima chini. Tarehe 20 Oktoba 2025 seva za Amazon zilileta shida jimbo la Virginia, app zikaanguka dunia nzima, na hapo bahari haikuguswa.

#16 Mlalahai
Na ile Julai 2024 ya Microsoft ikaangusha mpaka viwanja vya ndege. Wazungu wenyewe wanashindwa.

#17 FundiMitambo
Ile ilikuwa sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikazimika na kuwa bluu. Microsoft walibeba lawama kwa sababu skrini ilikuwa yao. Kama wakala pale juu.

#18 wakala_manzese
Umeona eeh! Skrini ni yangu, kosa la mwenzangu.

#19 Mzee wa Gerezani
Vijana hamjambo. Mnaongelea Virginia wakati mnara wa mtaani kwenu hauna betri. Umeme ukikatika mnara unakula betri, betri ikichoka jenereta, jenereta ikikosa mafuta ndiyo mnasikia "changamoto ya mtandao". Na betri zenyewe zinaibiwa. Nilikuwa mlinzi mkuu wa kampuni moja ya ulinzi, najua ninachokisema.

Lakini pia nawaambia mnadeka. Sisi foleni ya benki ilikuwa inaanza saa kumi na mbili asubuhi, unaomba ruhusa kazini, umebeba kijitabu chako. Ukifika dirishani saa sita unaambiwa sahihi haifanani. Unatia tena sahihi, haifanani. Mkono umechoka, itafananaje? Unarudi kesho.

#20 BintiTemeke
Shikamoo mzee. Lakini yule wa dirishani alikuwa na sura, ungemlilia. Mimi nimlilie nani, duara linalozunguka?

#21 Mzee wa Gerezani
Marahaba mwanangu. Alikuwa na sura, tena mbaya.

#22 Chura Kiziwi
Hahahaha mzee umeua.

#23 Mama Dawa Mbagala
Jamani mimi nina duka la dawa Rangi Tatu, naomba niseme langu maana mnaongelea umeme, umeme unavumilika.

Mwezi uliopita saa tatu usiku kaja baba kabeba mtoto wa miaka mitatu, homa kali, kipimo cha malaria kimesoma, karatasi ya zahanati anayo. Dawa na vingine jumla 14,500. Akalipa kwa lipa namba, akanionyesha skrini yake, imetoka. Kwangu hamna. Tukasubiri. Mtoto anatapika kwenye mlango wangu. Sasa nifanyeje? Nikimpa bila kuona hela, kesho mwenye duka ananikata kwenye mshahara. Nisipompa nalala vipi?

Nilimpa. Na ninawaambia ukweli, nilimpa nikiwa namtilia shaka, kwa sababu wiki moja kabla kijana mmoja alinionyesha skrini hivyohivyo, kumbe picha ya muamala wa zamani kaichezea tarehe. Alichukua dawa za 38,000 na vipodozi juu. Matapeli wanajua siku mfumo unapogoma kuliko sisi wenye maduka. Siku hiyo ndiyo wanatoka. Na meseji za "hela imekosewa, irudishe kwa namba hii" zinamiminika siku hiyohiyo, maana wanajua hakuna mtu anayeweza kuangalia salio akahakikisha.

Ya yule baba iliingia siku ya tatu, saa kumi alfajiri. Niliamka nikaitazama, nikaona aibu peke yangu kitandani. Simjui jina hata leo.

#24 Mtegeta
Dah. Mama pole sana. Mimi na uniti zangu nimenywea.

#25 wakala_manzese
Mama Dawa hilo la matapeli ni kweli tupu. Wanajamii, meseji ya kitapeli mkiipata itumeni kwenda 15040. Na usirudishe hela kwa mkono wako, mwambie apige kampuni yake irudishwe na wao.

#26 Mlalahai
Bado sijajibiwa kuhusu bilioni zangu tatu.

#27 Nyangumi wa Kigamboni
Mlalahai, hela za kwenye simu kisheria hazikai mfukoni kwa kampuni. Sheria ya mifumo ya malipo ya 2015 na kanuni zake zinataka ziwekwe benki kwenye akaunti ya amana, kiasi kilekile cha salio za wateja. Na faida yake si ya kampuni, ndiyo maana watumiaji walianza kupata gawio toka 2014. Ulishawahi kupata "umepokea gawio shilingi 112"? Ndiyo hiyo.

#28 Mlalahai
Hiyo ni hela iliyofika kwenye simu. Mimi naongelea iliyotoka benki ikawa haijafika. Hapo katikati ni ya nani? Mama yake nani anaizaa?

#29 FundiMitambo
Kwenye vitabu inakaa akaunti ya kusubiri, upande wa benki. Sikuwahi kuona mtu anaichelewesha makusudi. Niliona uvivu, niliona watu wawili wanafanya kazi ya watu kumi, niliona mtu anabadilisha mfumo mchana kweupe tarehe 28 kwa sababu bosi anataka uzinduzi. Ila swali lako la inazaa kwa nani siku hizo tatu si la kijinga.

#30 Mlalahai
Nimeshinda. Naomba picha ya ushindi.

#31 Mkaanga Sumu
Kuna hitilafu na kuna "hitilafu". 29 Oktoba 2025 nayo tuseme ni nanga? Nchi nzima bila intaneti siku kadhaa.

#32 Nyangumi wa Kigamboni
Ile ilizimwa, tusiiweke kwenye kapu moja na mambo ya seva. Ila kwa mwenye duka matokeo ni yaleyale, nakubali.

#33 Chura Kiziwi
Wakuu turudini kwenye makato, uzi huu naupenda, nisingetaka uamke umefungwa.

#34 Kipusa wa Goba
Nimesoma wote. Na ile habari ya kuingiza tarakimu arobaini kwenye mita ndiyo ukapokea umeme, ilikuwa hitilafu gani? Mimi mita yangu iko juu ya ukuta, nilipanda stuli nasomewa namba na mtoto wa darasa la pili. Kakosea moja, tukaanza upya.

#35 FundiMitambo
Ile wala haikuwa hitilafu, na haikuwa ya Tanzania peke yetu. Mita za kulipia kabla za mfumo ule, dunia nzima, zinahesabu dakika toka 1 Januari 1993. Nafasi ya kuhesabia ilikuwa inaishia kama dakika milioni 16.8, nayo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo kila mita ilihitaji tokeni mbili za tarakimu ishirini kuanza hesabu upya. Usingefanya hivyo, mita ingekataa tokeni mpya.

#36 Kipusa wa Goba
Yaani mtu kakaa mwaka 1993 akapanga mimi nipande stuli?

#37 Mzee wa Gerezani
1993 mimi nilikuwa bado niko kwenye foleni ya sahihi.

#38 Mtegeta
Wakuu mrejesho. Jirani kanikopesha elfu tano taslimu, nikaenda kwa mangi, mangi kaninunulia kwa simu yake, mtandao tofauti, sekunde nane. Umeme umewaka saa nne na dakika ishirini. Mke kazima mshumaa, hajasema kitu.

Asubuhi hii saa kumi na moja zimeingia meseji mbili. Moja, 30,000 imefika kwenye simu. Ya pili, ile 30,000 ya mara ya pili imerudishwa benki.

Makato yote mawili hayajarudi. Nimepiga, nimeambiwa makato ni ya "kutumia huduma", na huduma nimeitumia.

#39 Mlalahai
Nilisema nini mimi.

#40 FundiMitambo
Hapo hata mimi sina la kusema. Muamala uliorudishwa unatakiwa urudi na makato yake. Andika barua, weka na namba za miamala, peleka tawini, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipojibu peleka Benki Kuu, kuna dawati la malalamiko.

#41 Mtegeta
Nauli ya Tegeta mpaka tawini kwenda na kurudi inazidi makato ninayodai.

#42 wakala_manzese
Na ndiyo hesabu wanayoijua wao.

#43 BintiTemeke
Samahani kuingilia, ni kwangu tu au ile app ya kijani imegoma tena sasa hivi? Nataka kulipa kontrol namba, mwisho leo.

#44 Kipusa wa Goba
Goba pia. Duara linazunguka.

#45 Chura Kiziwi
Usijaribu tena binti. Weka simu uvunguni.

#46 BintiTemeke
Nimeshajaribu mara mbili.